Pima Kabla ya Kumimina: Ugumu wa Maji katika Tangi la Samaki Lenye Mimea

ELIMU KWA UMMA: MAJI NA UVUVI

Mfereji wetu ulikauka siku ya Jumanne. Kufikia Ijumaa maji ya tangi la samaki lililo sebuleni kwangu yalikuwa yamepungua na yamegeuka rangi. Nilimwita kijana wa mkokoteni, nikanunua mitungi miwili ya lita 20. Maji yalikuwa safi kama kioo na hayakuwa na harufu yoyote. Tangi langu ni la lita 80, kwa hivyo nilitoa nusu ya maji ya zamani, nikamimina yale mapya, nikaenda kulala nikijiona mfugaji hodari.

Asubuhi samaki wote sita wa aina ya neon tetra walikuwa wakielea ubavu. Gapi, ambao wanaishi nao tangi moja, walikuwa wakizunguka kwenye mimea kana kwamba hakuna lililotokea.

Nilimpigia simu kijana aliyeniuzia samaki hao, tayari kumlalamikia. Hakubishana. Aliniuliza swali moja tu: "Dada, hayo maji umeyatoa wapi?" Kisha akaniomba nimpelekee maji ya mtungi kwenye chupa moja, na maji ya mfereji niliyokuwa nimeyaweka jikoni kwenye chupa nyingine. Akayapima mbele yangu kwa matone. Ya mfereji yalikuwa na ugumu wa digrii 9. Ya mtungi yalikuwa na digrii 24. Yalikuwa maji ya kisima.

Kazi yangu ni kuandika habari za kaunti, wala mimi si mwanakemia. Lakini siku ile nilijifunza jambo ambalo wengi wanaofuga samaki wa mapambo hapa Mombasa wanalijua baada ya hasara, na ambalo vijana wanaouza samaki hao hulipa gharama yake kila mteja anaporudi akisema, "Umeniuzia samaki mgonjwa." Mara nyingine samaki hana ugonjwa wowote, ila maji ndiyo yamebadilika ghafla. Somo la toleo hili linaeleza ugumu wa maji ni nini, jinsi ya kuupima, na jinsi ya kuupunguza au kuuongeza bila kuua samaki wala mimea.

Maji magumu ni maji gani?

Kila mwenyeji wa Pwani ameyaona maji magumu hata kama hajawahi kuyaita hivyo. Ni yale maji yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Ukifulia sabuni ya mche, povu halitoki upesi, na juu ya maji hubaki utando wa kijivu. Ugumu huo unatokana na madini yaliyoyeyuka ndani ya maji, hasa kalsiamu na magnesiamu.

Kwa binadamu, ugumu wenyewe hauna madhara. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya. Kwa samaki mambo ni tofauti. Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi nyingi kuliko maji anamoishi, kwa hivyo maji huingia mwilini mwake kila wakati kupitia matamvua na ngozi, naye hufanya kazi mchana na usiku kuyatoa na kuzuia chumvi zake zisipotee. Kazi hiyo ameizoea kwa kipimo fulani cha madini. Ukibadilisha kipimo hicho kidogo kidogo, mwili wake hujirekebisha. Ukikibadilisha kwa saa moja, huenda akashindwa.

Hapo ndipo nilipokosea. Gapi ni samaki wanaostahimili maji magumu vizuri, na hata kuyapenda. Neon tetra asili yao ni mito ya maji laini ya Amazon.

Kwa nini maji yetu hutofautiana mtaa hadi mtaa

Kisiwa cha Mombasa na ukanda wa bara ulio kando ya bahari vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Fort Jesus imejengwa juu ya mwamba huo. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe yake na chokaa yake. Bustani ya Haller kule Bamburi ilikuwa machimbo ya mawe hayohayo ya kutengenezea saruji. Maji ya mvua yanapopita ardhini huchukua hewa ya kaboni dioksidi iliyo kwenye udongo, yakawa na uchachu kidogo, na uchachu huo huyeyusha chokaa iliyo kwenye mwamba. Kufikia pale yanapotua kisimani, yamebeba mzigo wa kalsiamu.

Maji ya mfereji nayo hayana chanzo kimoja. Mombasa hupokea maji kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, chemchemi za Marere na visima vya Tiwi. Kila chanzo kina udongo na mwamba wake. Ndiyo sababu maji ya jirani yako wa Likoni huenda yasifanane na ya shemeji yako wa Kisauni, na maji ya bombani kwako mwezi huu huenda yasiwe kama ya mwezi uliopita.

Kwa sababu iyo hiyo, jihadhari na ushauri unaotoka mbali. Rafiki wa Nairobi anayetumia maji ya bwawa la Ndakaini au Sasumua, yanayoteremka kutoka milima ya Aberdare, ana maji laini, na huenda anahangaika kuyaongezea madini. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina maji yenye magadi mengi na kalsiamu kidogo. Wote wawili wanaweza kukupa maelekezo sahihi kabisa kwao, yakawa makosa kwako.

Jambo moja zaidi kuhusu lugha yetu. Sisi hapa huita maji ya kisima "maji ya chumvi", na jina hilo linafunika vitu viwili tofauti: chokaa iliyotoka kwenye mwamba, na chumvi ya bahari iliyopenya chini ya ardhi. Maji yanaweza kuwa na kimoja au vyote viwili. Kijiti cha umeme kinachoonyesha jumla ya vitu vilivyoyeyuka hakiwezi kukuambia ni kipi. Kama maji yana ladha ya chumvi mdomoni, usiyatumie kwa tangi la mimea ya maji baridi, hata kama ugumu wake ni mdogo.

Vipimo viwili, kazi mbili

Ukinunua kifaa cha kupimia, utaona herufi GH na KH kwenye pakiti. Hivi ni vipimo viwili tofauti, na kuvichanganya ndicho chanzo cha makosa mengi.

GH ni ugumu wa jumla, yaani kiasi cha kalsiamu na magnesiamu. Hiki ndicho kinachogusa mwili wa samaki na chakula cha mimea.

KH ni ugumu wa kaboneti, yaani uwezo wa maji kuzuia uchachu usipande ghafla. Chakula kinachobaki na kinyesi cha samaki huoza na kugeuzwa na bakteria, na kazi hiyo huzalisha asidi. KH hula asidi hiyo. KH ikikaribia sifuri, uchachu wa maji unaweza kupanda kwa usiku mmoja na kuua kila kiumbe tangini.

Katika maji ya mwamba wa matumbawe, GH na KH mara nyingi hupanda pamoja, kwa sababu chokaa huleta vyote viwili. Katika maji ya magadi ya Bonde la Ufa, KH inaweza kuwa juu huku GH ikiwa chini. Ndiyo maana unapaswa kupima vyote viwili.

Jinsi ya kupima

Njia ya uhakika ni kifaa cha matone. Unatia maji kwenye kichupa hadi alama ya mililita 5, unadondosha dawa tone moja moja huku ukitikisa, na unahesabu hadi rangi igeuke. Kwa vifaa vingi vya aina hii, kila tone ni digrii moja, lakini soma karatasi ya maelekezo kwanza. Karatasi zinazochovywa ni za haraka, ila hukupa makadirio tu.

Ukipata majibu ya maabara, yataandikwa kwa miligramu kwa lita. Gawanya kwa 17.8 ili kupata digrii. Miligramu 180 kwa lita ni kama digrii 10. Kwa kawaida maji yaliyo chini ya miligramu 60 huitwa laini, kati ya 61 na 120 yana ugumu wa wastani, kati ya 121 na 180 ni magumu, na zaidi ya 180 ni magumu sana.

Huna kifaa? Lipo jaribio la darasani. Chukua chupa mbili zinazolingana, moja itie maji ya mvua na nyingine maji yako, kiasi sawa. Yeyusha kipande cha sabuni ya mche katika maji ya mvua, kisha tia matone yaliyo sawa kila chupa na utikise. Yale magumu yatahitaji sabuni nyingi zaidi kabla povu halijasimama. Usitumie sabuni ya unga, kwa sababu nyingi hutoa povu hata katika maji magumu. Jaribio hili halikupi digrii, lakini litakuambia kama maji ya mtungi wa leo ni ndugu wa maji yaliyomo tangini.

Uamuzi wa kwanza: unahitaji kweli kubadilisha?

Kabla ya kununua chochote, jiulize kama si rahisi zaidi kuchagua samaki na mimea inayopenda maji uliyo nayo. Kwa nyumba nyingi za Mombasa, jibu ni ndiyo.

Samaki wanaofaa maji magumu ni gapi, moli, plati na wale wenye mkia wa upanga. Samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Malawi pia wamezoea maji ya namna hii, ingawa wengi wao huchimba mchanga au kutafuna majani.

Kwa mimea, valisineria, yenye majani marefu kama utepe, ni chaguo bora. Humea yenyewe katika maziwa ya Afrika Mashariki, na ina uwezo wa kuchukua kaboni kutoka kwenye bikaboneti iliyo katika maji magumu. Ndiyo maana wakati mwingine utaona vumbi jeupe la chokaa juu ya majani yake. Anubias, mmea wa Afrika Magharibi na Kati wenye majani magumu, hukua polepole lakini hustahimili hali nyingi. Ufunge kwenye jiwe au gogo, usiufukie shina. Mmea unaoelea wenye majani kama brashi, ambao wataalamu huuita Ceratophyllum demersum na ambao umo katika Ziwa Naivasha, hauna mizizi na hukua upesi.

Mimea mingi ya kawaida hustawi katika GH ya takriban digrii 4 hadi 12. Kama maji yako yamo humo na samaki wako ni wazima, acha. Kipimo kisichobadilika kina faida kuliko kipimo kizuri kinachopanda na kushuka.

Kulainisha maji

Ikiwa maji yako ni magumu kupita kiasi, au una samaki wa maji laini, njia salama ni kuchanganya. Unahitaji maji yasiyo na madini, na hapa kwetu yanapatikana kwa njia tatu.

Ya kwanza ni mvua. Maji ya masika na vuli ni laini na hayana bei. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwenye mabati, kisha anza kukinga. Paa la makuti hutoa maji ya rangi ya chai, na paa la zamani la asbesto lisitumike kabisa. Pipa lifunikwe vizuri au lifungwe kitambaa cha wavu, kwa sababu mbu anayeeneza homa ya dengi huzaana katika maji yaliyotulia karibu na nyumba.

Ya pili ni maji kutoka maduka yanayojaza mitungi ya kunywa. Uliza swali moja: je, mtambo wao huondoa chumvi, au huchuja uchafu na kuua vijidudu tu? Ule wa kuondoa chumvi ndio unaofaa. Beba kichupa, upime kabla ya kulipa.

Ya tatu ni kuchemsha. Sehemu ya ugumu inayotokana na bikaboneti hugeuka chokaa na kutuama chini ya sufuria. Acha maji yapoe, mimina ya juu polepole na uache machicha. Yatikise au yapulizie hewa kabla ya kuyatumia, kwa kuwa kuchemsha huondoa oksijeni. Njia hii hula makaa au gesi, na haiondoi chumvi ya bahari. Inafaa tangi dogo tu.

Hesabu ya kuchanganya ni nyepesi. Gawanya ugumu unaoutaka kwa ugumu wa maji yako. Jibu ni sehemu ya maji magumu katika mchanganyiko. Inayobaki ni maji ya mvua. Mfano: maji yako yana digrii 24 nawe wataka 6. Sita kwa ishirini na nne ni robo. Kwa mtungi wa lita 20, tia lita 5 za kisima na lita 15 za mvua.

Lakini usibadilishe tangi zima siku moja. Tuseme tangi la lita 100 lina digrii 16, nawe wataka 8. Kila wiki toa lita 20, urudishe lita 20 za maji ya mvua. Haya ndiyo yatakayotokea:

Mwanzo: digrii 16.
Wiki ya kwanza: digrii 12.8.
Wiki ya pili: digrii 10.2.
Wiki ya tatu: digrii 8.2.

Wiki tatu zinatosha, na samaki hatashtuka. Pima KH kila wiki pia. Ikishuka hadi digrii 3, simama hapo. Kuanzia wiki ya nne, badilisha kwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu ili kipimo kikae palepale.

Kuna jambo wengi hulisahau katika joto letu. Maji yanayopotea tangini kwa mvuke huondoka peke yake, madini hubaki. Ukijazia kila siku kwa maji ya kisima, ugumu huongezeka wiki baada ya wiki bila wewe kujua. Cha mvuke kijazie kwa maji ya mvua. Maji ya mchanganyiko ni ya siku ya kubadilisha.

Kuongeza ugumu

Anayetumia maji ya mvua peke yake ana tatizo la upande wa pili. Maji hayo karibu hayana GH wala KH. Mimea hukosa kalsiamu na magnesiamu, na uchachu unaweza kupanda wakati wowote.

Dawa nafuu ni makombe yaliyopondwa, yale yanayouzwa kwenye maduka ya pembejeo kwa ajili ya kuku, au vipande vya mawe ya chokaa. Osha, tia kiasi cha kiganja kimoja kwa lita 50 ndani ya soksi safi ya nailoni, na uweke mahali maji yanapopita kwenye kichujio. Pima baada ya wiki, kisha ongeza au punguza. Makombe huyeyuka zaidi maji yakiwa na uchachu na hupunguza mwendo maji yakishakuwa magumu, kwa hivyo si rahisi kupitiliza. Usiende kuvunja matumbawe ufuoni. Miamba hiyo ni makao ya samaki tunaowala, na katika maeneo ya hifadhi za bahari kuichukua ni kosa la jinai.

Kama GH yako inatosha lakini KH ni ndogo, tumia soda ya kuokea, yaani sodiamu bikaboneti tupu, wala si hamira wala poda ya kuokea keki. Kijiko cha chai kilichosawazishwa, kama gramu 6, huongeza KH ya lita 50 kwa takriban digrii 4. Hiyo ni nyingi kwa siku moja. Anza na robo ya kijiko, iyeyushe kwenye kikombe, mimina polepole, na upime kesho yake kabla ya kuongeza.

Mambo yanayoua samaki

Ndimu na siki. Watu hutia ili kupunguza ukali wa maji magumu. Uchachu hupanda kwa saa chache, KH ikaumeza, na kesho yake kipimo kimerudi kilipokuwa. Samaki hupandishwa na kushushwa mara mbili. Siki itumie nje ya tangi tu: idondoshe juu ya changarawe unayotaka kununua. Ikitoa mapovu, ina chokaa na itaongeza ugumu.

Magadi ya kupikia. Hayaongezi kalsiamu, bali hupandisha ukali wa maji kwa kasi.

Shabu. Huyatuliza matope vizuri, lakini hula KH. Katika maji laini inaweza kuimaliza kabisa.

Maji ya betri. Vituo vya mafuta huuza maji yaliyokenekwa na pia asidi ya betri, mara nyingine katika chupa zinazofanana. Usikubali kukosea hapa. Asidi itakuunguza wewe kabla ya samaki.

Majani ya mkungu. Haya hayaui. Wafugaji wengi huyatumia yakiwa makavu, na samaki wa maji laini huyafurahia. Ila usidanganyike: hayaondoi chokaa. Maji yakiwa na KH kubwa, utapata rangi ya chai na ugumu uleule.

Kulaza maji usiku kucha. Nako hakuna madhara, na ni kuzuri kwa maji ya mfereji kwa sababu klorini huruka. Lakini chokaa hairuki. Maji magumu yaliyolazwa huamka magumu.

Soma majani

Mimea hutangulia kusema kabla samaki hawajaugua. Majani machanga yakitoka yamejikunja na kuwa madogo, pima GH. Huenda kalsiamu ni ndogo. Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, huenda ni upungufu wa madini ya chuma, ambayo hayachukuliki kwa urahisi katika maji magumu yenye ukali. Majani ya zamani yakibadilika manjano kati ya mishipa, fikiria magnesiamu. Na kama unatia hewa ya kaboni dioksidi kwa chupa ya hamira na sukari, hakikisha KH haipungui digrii 4, maana hewa hiyo huongeza uchachu.

Unapopunguza mimea iliyozidi, usiitupe mtoni, mtaroni wala bwawani. Ianike juani hadi ikauke kabisa, kisha uitie kwenye mboji. Gugumaji lililoziba Ziwa Victoria asili yake ni Amerika ya Kusini, na sehemu kubwa ya safari yake duniani ilitokana na watu waliolipenda kama ua la kupamba.

Zoezi la wiki hii

1. Pima GH na KH ya tangi lako, ya mfereji na ya mtungi unaouziwa. Andika tarehe na vipimo kwenye karatasi, uibandike ubavuni mwa tangi.
2. Kama tofauti kati ya maji mapya na ya tangi inazidi digrii 4, usibadilishe zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa siku.
3. Ukinunua samaki, muulize muuzaji ugumu wa maji yake. Acha mfuko uelee tangini dakika 15, kisha tia kikombe kidogo cha maji ya tangi ndani yake kila dakika 10 kwa muda wa saa moja.

Mimi sasa nina pipa chini ya mfereji wa paa, na karatasi yenye vipimo vya miezi saba. Gapi wamezaana. Tetra sijanunua tena. Nasubiri karatasi ionyeshe vipimo visivyoyumba kwa mwaka mzima. Kijana aliyeniuzia naye amebadilisha utaratibu wake: mteja mpya haondoki na samaki kabla hajaleta chupa ya maji ya nyumbani kwake.

Uvuvi na huduma za maji ni miongoni mwa kazi ambazo Katiba ya 2010 imezikabidhi serikali za kaunti. Ukiwa na swali kuhusu samaki au maji ya kisima chako, mwone afisa wa uvuvi au wa maji katika kaunti ndogo yako, na uende na chupa safi iliyojaa maji hayo.